Siku walipouza mji wetu wa matofali

Jumatatu ile ya tarehe 15 Septemba 2014 umeme ulirudi saa tisa alasiri, kwa hiyo habari ilinikuta kazini. Siberi ya kaka yangu mkubwa (duka la intaneti) ilikuwa mtaa wa Katuba, chumba kimoja chenye kompyuta 6 (ordinatere, kama tunavyosema hapa Lubumbashi) na pazia zito mlangoni ili jua lisipige skrini. Mimi nilishika daftari la saa. Saa moja ya intaneti ilikuwa franga 500, saa moja ya gemu franga 200, kwa sababu gemu haikula megabaiti.

Shule zilikuwa zimetoa wanafunzi. Chumba kimejaa mashati meupe na suruali za bluu, watoto wanne wako ndani ya Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga kwa matofali, wengine wamesimama nyuma yao wakiwaelekeza kwa vidole. Mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alikuwa anasoma habari kwenye kompyuta ya mwisho. Akageuka, akaniita (yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa): "Yaya, Microsoft inauza Minecraft!"

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataelewa kinyume. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kuuza ni kununua. Anayetoa mali akapokea pesa, huyo anauzisha. Mtoto alisema sawasawa kabisa: Microsoft ilikuwa inanunua. Bei, alitusomea, ni dola miliari mbili na nusu. Hakuna aliyejibu, maana hata sisi wakubwa hatukuwa na kitu cha kuilinganisha na pesa ile. Yule tuliyemwita Fundi, wakati huo ana miaka 12, hakuondoa macho kwenye skrini yake. Aliuliza tu: "Na muji yetu?"

Nikamwambia mji uko hapa, ndani ya kompyuta yetu, hakuna anayekuja kuuchukua. Akafikiri kidogo.

"Sasa bo banauzisha nini? Ni shiye njo tulijenga." Yaani: sasa wao wanauza nini, na ni sisi ndio tuliojenga?

Nimesoma mengi kuhusu mauzo yale tangu siku hiyo. Swali la Fundi ndilo ninalolirudia kila mara, na wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliponiuliza kwa nini wachezaji wa zamani bado wana kinyongo na Microsoft, nilitaka kumjibu kwa swali hilohilo. Kengele ikalia kabla sijamaliza. Namalizia hapa.

Niwaeleze mji wenyewe kwanza. Watoto waliuanza mwaka 2013, katika hali ile ya gemu ambapo hupewi kitu, kila tofali lazima ulichimbe. Jengo la kwanza lilikuwa bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba. Mtoto wa Lubumbashi huanza kulichora bomba lile kabla hajajua kuchora mtu. Pembeni yake wakataka kuweka mlima mweusi wa mabaki, ule tunaouita terili, na hapo ndipo kazi ilipokuwa kubwa, kwa sababu waliamua uwe mweusi kweli. Walitumia matofali ya makaa. Tofali moja la makaa hutengenezwa kwa makaa 9. Nadhani miezi mitatu ya likizo na jioni ilikwenda chini ya ardhi, wakichimba makaa, wakiyapeleka juu kwa vigari vya reli walivyojenga wenyewe, huku wakigombana nani amelala kwenye zamu yake ya kuchimba. Baba zao wengi walikuwa migodini au walikuwa wametoka migodini. Hakuna aliyelazimika kuwafundisha maana ya zamu.

Baadaye wakajenga uwanja wa TP Mazembe, klabu yetu ya soka, ule wa Kamalondo uliofunguliwa mwaka 2011. Viti vyote kwa sufi nyeupe na nyeusi. Sufi nyeupe ni rahisi, unafuga kondoo. Kwa nyeusi walihitaji wino, na wino hutoka kwa ngisi, kwa hiyo wadogo walipelekwa baharini kuvua ngisi hadi jukwaa zima likakamilika. Wakajenga barabara ya Kasumbalesa na kituo cha mpaka mwishoni mwake. Wakajenga na siberi yetu, yenye kompyuta 6 ndani.

Kuna mama mmoja alikuja jioni, amekasirika, kumtoa mwanawe. Alisimama nyuma ya kiti, mkono tayari uko begani mwa mtoto, halafu akaona. Akauliza: hii si njia ya kwetu? Mtoto akamwonyesha nyumba yao, na bomba la maji la jirani. Yule mama alikaa robo saa nzima. Kisha akamchukua mwanawe wakaenda kula, lakini kesho yake alimpa franga 200 yeye mwenyewe.

Usiku mmoja wa Desemba, wakati wa mvua, radi ya ndani ya gemu ilipiga uwanja. Sufi inashika moto. Jukwaa la mashariki liliteketea lote, na wale waliovua ngisi walilia machozi ya kweli mbele yangu. Wakaanza upya. Nawaambieni haya ili mjue ni kitu gani kilikuwa mezani tuliposikia kwamba mwenye gemu ameuza.

Huko Ulaya na Marekani wachezaji waliwaka moto. Nilikuwa nasoma usiku, baada ya kufunga, kwa megabaiti zilizobaki. Minecraft ilikuwa mtoto wa wote: mtu mmoja wa Sweden, Markus Persson, aliyejiita Notch, alianza kuitoa kwa watu mwezi Mei 2009 ikiwa haijakamilika, akaiuza ikiwa haijakamilika, na wachezaji wakaisukuma mbele pamoja naye mpaka toleo kamili la Novemba 2011. Kampuni yake, Mojang, ilikuwa ndogo, pale Stockholm. Siku ya mauzo gemu ilikuwa imekwisha nunuliwa zaidi ya mara milioni 50. Watu walihisi kwamba walikuwa wamemwamini mtu, si kampuni. Tena mtu huyo, mwezi Machi mwaka uleule, Facebook iliponunua kampuni ya miwani ya Oculus kwa dola bilioni 2, alitangaza kwamba anavunja mazungumzo ya kuileta Minecraft kwenye miwani ile, kwa sababu haiamini Facebook. Miezi 6 baadaye naye akauza kwa kampuni kubwa kuliko zote za programu. Walimrudishia maneno yake mamia kwa mamia. Na mimi nilikasirika. Nilimwita msaliti, kwa sauti, ndani ya siberi tupu.

Halafu nikasoma barua ya kuaga ambayo Persson aliiandika siku ileile, na hasira yangu ikaanza kupata nyufa.

Aliandika kwamba si suala la pesa, ni suala la akili yake kubaki salama. Alisema amekuwa alama ya kitu kikubwa asichokielewa na asichotaka tena kukifanyia kazi. Na alirudi nyuma hadi mwezi Juni, na huo mwezi Juni ndio watu wengi wameusahau.

Mwezi Juni 2014 Mojang ilisema itasimamia masharti yake juu ya seva za watu binafsi, yaani kompyuta ambazo wachezaji wengi hukutana ndani yake kucheza pamoja. Wenye seva nyingi walikuwa wanawauzia watoto panga kali na silaha za nguvu kwa pesa za kweli, kiasi kwamba aliye na pesa anampiga asiye nazo. Wazazi walikuwa wanaiandikia Mojang wakidai warudishiwe pesa ambazo Mojang haikuwahi kuzipokea. Kampuni ikasema: unaweza kutoza kiingilio, unaweza kuuza mapambo, lakini usiuze nguvu. Wenye seva wakapiga kelele na wachezaji wao wakapiga kelele nyuma yao. Matusi yote yakamwendea Persson, ambaye hata hakuwa anaongoza tena utengenezaji wa gemu tangu mwisho wa 2011. Akaandika hadharani: kuna mtu anataka kununua hisa zangu za Mojang niendelee na maisha yangu? Aliandika kwa uchungu, na watu wenye pesa wakapiga simu.

Mimi naijua biashara ile ya panga, kwa sababu ilitaka kuingia hata kwetu. Kaka yangu alikuwa na kodi ya chumba na mafuta ya jenereta ya kulipa, na akapendekeza tuwauzie watoto panga za almasi kwa franga 100. Mimi ndiye niliyesimamia seva, ile ya CraftBukkit iliyokuwa kwenye kompyuta ya kwanza, na nilikataa. Tuligombana wiki nzima. Tulikuwa tunakula bukari na sombe sahani moja bila kusemezana. Nilimwambia, hawa watoto wote ni sawa chini ya ardhi, mwenye baba daktari na mwenye baba anayesukuma mkokoteni, ukianza kuuza panga umewatenganisha. Hakukubaliana nami, ila aliniachia. Ndiyo sababu, kuhusu ugomvi wa Juni, nasema waziwazi kwamba Mojang ilikuwa na haki na wachezaji walikosea. Walimtukana mtu kwa kuwalinda watoto, kisha Septemba wakamlilia kwa kuondoka.

Mimi pia nilikuwa mmoja wa waliolia, ndiyo maana inaniuma.

Si kwamba kila hasira ilikuwa ya bure. Ile CraftBukkit ninayoitaja ilikuwa programu ya kuendeshea seva, iliyoandikwa na watu wa kujitolea kwa miaka. Mwezi Agosti 2014 waliokuwa wakiiongoza walitaka kuifunga kwa sababu ya masharti yale, ndipo Mojang ikatangaza kwamba mradi huo ni mali yake tangu 2012. Wengi waliokuwa wakiuandikia msimbo bila malipo ndipo walipojua. Mwanzoni mwa Septemba, siku chache kabla ya mauzo, mmoja wao akatumia haki yake ya mwandishi kudai programu hiyo iondolewe mtandaoni, na ikaondolewa. Sisi tulikuwa na faili letu kwenye flashi, hivyo Katuba hakuna kilichozimika. Lakini nilimwelewa yule mtu. Unachanga jasho ukidhani ni shamba la kijiji, halafu siku moja unaonyeshwa hati yenye jina la mwingine.

Hapa Lubumbashi hadithi hiyo tunaijua bila kompyuta. Mji wenyewe ulizaliwa mwaka 1910 kwa sababu ya Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, na tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière nchini ikawa ya serikali, na baadaye jina likawa Gécamines. Babu yangu mzaa mama alikuwa akiishi kambi ya wafanyakazi. Alitusimulia kwamba siku zile watu wazima walizungumza siasa hadi usiku, ila bibi alikuwa na swali lake moja: mwembe nilioupanda nyuma ya nyumba, nao wameuandika kwenye karatasi? Nyumba ilikuwa na namba ya kampuni. Mwembe haukuwa na namba. Babu alisema hakuna aliyewahi kumjibu, na waliendelea kula maembe yake.

Nilimkumbuka bibi pale Fundi alipouliza muji yetu. Ni swali lile lile. Walioandikiana mkataba Stockholm na Redmond, makao ya Microsoft, waliuziana jina, msimbo, haki, wafanyakazi, na uwezo wa kuamua kesho. Mji wetu haukuwa kwenye karatasi. Ulikuwa folda moja kwenye diski ya kompyuta ya kwanza, na diski ile kaka yangu aliinunua kwa pesa zake pale mjini.

Basi tukaendelea. Persson na waanzilishi wenzake wawili waliondoka mauzo yalipokamilika Novemba. Wale waliotabiri kwamba gemu itafungiwa ndani ya mashine za Microsoft peke yake walikosea: iliendelea kwenye PlayStation, ikaenda hata kwa Nintendo. Mwaka 2017 likaja duka la ndani lenye sarafu zake, nami sikulipenda na silipendi, ila halikuingia kwenye toleo letu la Java, lile la asili la kompyuta. Siberi yenyewe ilifungwa kwa sababu nyingine kabisa. Simu za mkononi zilishuka bei, watoto wakahamia huko, na kaka yangu akauza kompyuta tano kati ya sita. Ya kwanza nilimwomba. Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kuanza kufundisha informatika katika shule ya sekondari.

Sasa shaba.

Tangu siku ya kwanza watoto wale walikuwa wananiuliza jambo moja ambalo sikuwa na jibu lake. Ndani ya Minecraft kuna makaa, chuma, dhahabu, almasi, kuna hata lile jiwe la bluu la lapis lazuli. "Yaya, shaba iko wapi?" Mkoa wetu uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Bomba la moshi walilolijenga tofali kwa tofali lilisimama kwa ajili ya shaba. Walichimba kila mahali, wakafika hadi mwamba wa mwisho usiovunjika, wakarudi juu mikono mitupu. Mmoja alidhani ni bahati mbaya tu, kwamba sisi tumeanguka mahali pasipo na shaba, na akaomba tuanzishe dunia nyingine. Ilibidi nimweleze kwamba aliyetengeneza gemu hakuiweka. Aliniangalia kama niliyesema Mungu amesahau maji.

Tarehe 8 Juni 2021 waliiweka. Nilikuwa na kompyuta ya mkononi wakati huo, na nililipa megabaiti za wiki nzima kupakua toleo jipya usiku mmoja. Nilifungua mji wa zamani. Gemu inapofungua dunia ya kale haibadilishi ardhi iliyokwisha kutembelewa, kwa hiyo chini ya Katuba yetu bado hapakuwa na kitu. Ilibidi nitembee kupita kituo cha mpaka, kupita Kasumbalesa ya watoto, hadi nchi ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga. Huko kwenye ukuta wa korongo nikaiona: madoa ya machungwa na ya kijani ndani ya jiwe. Rangi zile zile. Aliyeichora alikuwa amelitazama jiwe la kweli. Unaiyeyusha, unafanya matofali, na ukiyaacha yanaanza kugeuka polepole, kutoka machungwa hadi kijani kama malakiti wanayouza wachongaji wetu. Ukitaka yasigeuke unayapaka nta ya nyuki.

Nilitoka nje nikasimama barazani saa saba za usiku. Nilifurahi mpaka nikaogopa furaha yangu. Kitu ambacho watoto walikiomba kwa miaka, kitu chetu hasa, kililetwa chini ya mnunuzi yule niliyekuwa nimemlaani. Watengenezaji walikuwa bado Mojang, najua, bado wanakaa Stockholm. Lakini mshahara wao ulikuwa unatoka kwa Microsoft, na kusema vinginevyo ni uongo. Tangu usiku ule sijaweza tena kusema kwa moyo mweupe kwamba gemu ilikufa 2014. Kufikia Oktoba 2023 walitangaza nakala zaidi ya milioni 300. Gemu iliyokufa haifiki hapo.

Pamoja na shaba walileta fimbo ya kuvutia radi, inayotengenezwa kwa shaba. Ukiisimika, radi inaiacha nyumba na kuifuata fimbo. Nilisimika nne juu ya uwanja wa Mazembe, moja kila pembe, saa ile ile.

Mwaka uliofuata nilikasirika tena, na hasira hii sijaiweka chini hadi leo. Tarehe 27 Julai 2022 lilitoka toleo la 1.19.1, na ndani yake mchezaji anaweza kumshtaki mwenzake kwa maneno aliyoyaandika, mashtaka yakasomwa na watu wa kampuni, na akipatikana na hatia anafungiwa seva zote za mtandaoni, hata ile seva ndogo ambayo mtu anaiendesha nyumbani kwa marafiki zake. Wenye seva walikataa kwa sauti moja, na safari hii nilikuwa upande wao bila shaka yoyote. Si kwamba napenda matusi. Katika siberi yetu sheria yangu ilikuwa inajulikana: ukimtukana mwenzako unatoka nje ya pazia kwa nusu saa, unarudi unaomba msamaha. Lakini mimi nilikuwa namjua kila mtoto na mama yake. Nilijua kwamba Fundi akimwita mtu mwizi ndani ya mgodi anacheka, na kwamba mwingine aliyekuwa hatukani kabisa ndiye aliyekuwa anamwumiza mdogo wake. Mtu aliye mbali, anayesoma mistari mitatu ya Kiswahili cha Katuba kilichochanganyika na Kifaransa, atajua nini? Kampuni ilinunua gemu. Haikununua kikao cha watoto nyumbani kwangu, na hapo ndipo ilipoingia.

Na kuna ufunguo. Folda ya mji ni yangu, lakini ili kuufungua kihalali lazima akaunti itambuliwe, na akaunti iko kwao. Akaunti yetu ilinunuliwa Desemba 2013 kwa dola 26 na senti 95, kwa kadi ya benki ya rafiki wa kaka yangu na kwa barua pepe yake, kwa sababu sisi hatukuwa na kadi. Microsoft ilipotangaza kwamba akaunti zote za zamani za Mojang lazima zihamishiwe kwake, na kwamba siku ya mwisho ni tarehe 19 Septemba 2023, yule rafiki alikuwa amekwisha hamia Kitwe, upande wa Zambia, na namba zake mbili hazikuwa hewani. Nilimtafuta miezi miwili. Nilimpata kupitia dada yake anayeuza vitenge Kasumbalesa. Tulifanya kazi ile kwa simu, yeye akinisomea tarakimu za siri, mimi nikiziandika, mtandao ukikatika katikati, na tulimaliza zikiwa zimebaki siku 11. Sisi tulifaulu. Nilikuwa nawaza wale ambao rafiki yao hakupatikana, walionunua kitu kwa pesa yao halali miaka kumi nyuma wakakuta mlango umebadilishwa kitasa.

Kwa hiyo nilipoulizwa darasani kuhusu kinyongo kile, jibu langu lingekuwa refu namna hii. Hasira ya 2014 sehemu kubwa ilimlenga mtu aliyechoka, na tulimchosha sisi. Hasira ya 2022 na ya 2023 ililenga mahali penyewe.

Shuleni sasa nimeweka Luanti kwenye kompyuta za zamani. Ni mchezo wa matofali ulioanzishwa Finland mwaka 2010, ukaitwa Minetest hadi Oktoba 2024 walipobadilisha jina. Msimbo wake ni wazi, yeyote anaweza kuuchukua na kuuendeleza, kwa hiyo hakuna atakayeamka Jumatatu na kusikia kwamba mwenyewe ameuuza wote. Unakwenda vizuri kwenye mashine ambayo Minecraft ya leo ingeiua, na hautaki akaunti kucheza kwenye mtandao wa ndani. Wanafunzi wangu wanaupenda kiasi. Wanasema wanyama ni wachache na mwendo wa mkono si ule. Wana haki. Lakini wiki ya tatu niliwakuta wameanza kuchimba msingi wa kitu kikubwa cha mviringo, na sikuhitaji kuuliza ni nini.

Fundi alikuja mwezi uliopita. Ni fundi umeme kweli sasa, mgodini Kolwezi, ana ndevu na mtoto wa miaka 4. Alikaa sebuleni kwangu, nikamwekea munkoyo, nikamfungulia mji. Aliutembea kimya kutoka siberi hadi terili, akapanda juu ya bomba la moshi, akashuka, akafuata reli hadi Kamalondo. Kwenye uwanja aliinua macho akaziona zile fimbo nne.

"Hizi ni nini, yaya?"

"Shaba," nikamwambia.

Alikaa akizitazama muda mrefu. Akauliza walileta lini, nikamwambia mwaka. Akauliza niliitoa wapi, nikamwambia ng'ambo ya Kasumbalesa. Kisha akatoa flashi kwenye mfuko wa ovaroli yake na kuiweka mezani, karibu na kikombe. Nilikuwa nimeshaanza kunakili folda umeme ulipokatika, ikiwa imefika nusu. Akaiacha flashi pale pale, akasema atapita asubuhi kabla ya basi la Kolwezi.